Treni za mazutu: mizigo ilikuwa yetu, foto ni za wengine

Mtu anaweza kuuliza treni inaingia wapi katika kijitabu cha mila za kwetu, ikiwa kutoka Manguredjipa hadi Butembo, na kutoka Butembo hadi Beni, hakuna hata kipande kimoja cha reli kilichowahi kulazwa chini. Swali ni la haki. Jibu langu liko katika foto moja. Niliiona nyumbani kwa mzee mmoja wa Bapere, imebandikwa ndani ya albamu kati ya foto ya ubatizo na foto ya ndoa. Kijana mwanaume, shati nyeupe, suruali pana chini kama ilivyokuwa mtindo wa miaka ya 1970, mkono mmoja ameuweka juu ya ubavu wa behewa la mizigo. Upande wa kushoto inaonekana pua ya mashini ya dizeli, nusu yake imekatwa na ukingo wa foto. Mbele ya miguu yake kuna magunia.

Mzee alisema, kama mtu anayeonyesha mgeni shamba lake: "Hapa ni Kasese. Na ile kahawa ni yetu."

Kama ile kahawa ilikuwa imepita kwenye duane ya Kasindi au hapana, mzee hakusema, na mimi sikuuliza. Lakini tangu siku ile nimekuwa natafuta foto zingine za namna ile, na nimezipata chache sana. Wakati huohuo, foto za treni za Afrika ya Mashariki ziko kwa maelfu katika vitabu na albamu za watu wa Ulaya ambao hawakuwa na gunia hata moja ndani ya zile behewa. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza tuelewane juu ya hii reli isiyofika. Wanaosema kwamba habari za shemendeferi si zetu wanasahau namna mgodi wa Manguredjipa ulivyozaliwa. Mwaka wa 1902 kikundi cha tajiri wa Ubelgiji, Edouard Empain, kiliunda kampuni ya CFL, na jina lake lote lilitaja reli za Kongo ya juu kuelekea Maziwa Makuu ya Afrika. Shabaha moja ya mwanzo ilikuwa kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kukata msitu mpaka ziwa Albert. Wapimaji walienda, wakapima. Kisha kampuni ikageukia mto Lualaba, pale maporomoko yalipokuwa yanazuia mashua. Kipande cha Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Ubundu, kikafunguliwa mwaka wa 1906, cha Kindu hadi Kongolo kikafuata, na mwaka wa 1915 reli ikafika Albertville, ndiyo Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Msitu wetu ukaachwa.

Lakini Serikali ilikuwa imeipa kampuni ile ardhi na haki za madini kama malipo ya kazi ya reli. Kutokana na haki zile ndipo ikazaliwa MGL, Minière des Grands Lacs, mwaka wa 1923. MGL ndiyo iliyochimba dhahabu na kasiteriti huku, na Butembo yenyewe ilikua kandokando ya MGL. Mwaka wa 1976 ikaunganishwa na kampuni zingine, ikawa SOMINKI. Kwa hiyo tunaweza kusema baba hakufika Manguredjipa, mtoto wake ndiye aliyefika. Wazee waliofanya kazi ya mgodi walikuwa wanachimba chini ya haki zilizotolewa kwa ajili ya treni ambayo hawakuiona na macho.

Upande wa kaskazini kulikuwa na Vicicongo, iliyoanzishwa mwaka wa 1924, reli nyembamba kama ya kuchezea, upana wake sentimita 60 tu. Ilitoka Aketi, ikapita Buta na Isiro (wakati ule Paulis), ikafika Mungbere mwaka wa 1937, ikasimama pale. Kutoka Mungbere mpaka kwetu ilibaki kazi ya kamyo. Upande wa mashariki kulikuwa na reli ya Waingereza, upana wake mita moja. CFL ilipanua yake mwaka wa 1955 ikawa mita moja na sentimita saba hivi. Vipimo vitatu mbalimbali! Hata kama reli hizo zingekutana siku moja njiani, behewa la moja lisingeweza kupita juu ya nyingine.

Ile ya Waingereza ndiyo iliyokuwa yetu kwa kweli. Ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, na Kampala mwaka wa 1931. Mwaka wa 1956 ikafika Kasese, chini ya Rwenzori, zaidi ya kilomita 300 toka Kampala. Haikujengwa kwa ajili ya Wanande. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliyokuwa inapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa nguvu ya umeme wa Owen Falls, kisha Mombasa melini. Lakini reli ikishalazwa haiulizi gunia limetoka nchi gani. Toka Beni mpaka Kasindi ni kama kilomita 80, ukivuka mpaka unaingia Mpondwe, na Kasese haiko mbali tena. Mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na kahawa alikuwa na njia mbili: kuipeleka magharibi kwa barabara mbovu na mto mpaka Matadi, safari ya miezi, au kuipeleka Kasese. Hesabu haikuwa ngumu. Na mwezi wa saba 1975 baridi kali ilipounguza mashamba ya kahawa ya Brazili na bei ikapanda mpaka 1977, kila mwenye kamyo alijua jina la Kasese. Baadaye Serikali zenyewe zilikubali jambo ambalo wafanyabiashara walishalifanya zamani: mkataba wa Njia ya Kaskazini ulitiwa sahihi mwaka wa 1985, na Zaire ikajiunga mwaka wa 1987.

Sasa turudi kwenye foto. Mbona treni za mazutu hazina foto nyingi?

Sababu ya kwanza ni kwamba wapiga-foto walikuwa wanaangalia upande mwingine. Mashini za mvuke zilikuwa na uzuri ambao hata mtoto anauona. Zilitoa moshi, zilipumua, magurudumu yake yalionekana yakizunguka na vyuma vyake virefu, na usiku moto wake uliangaza uso wa dereva. Katika miaka ya 1955 na 1956 shirika la East African Railways and Harbours lilileta toka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, mashini 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, za kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Uzito wa kila moja ulikuwa karibu tani 250, zilipakwa rangi nyekundu iliyokolea, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Namba 5902 iliitwa Ruwenzori Mountains. Ndiyo, mlima wetu huu tunaouona asubuhi toka Mutwanga kama mawingu yamefunguka. Ulibandikwa kwa herufi za chuma juu ya mashini nzito ambayo kazi yake ilikuwa kule pwani, na ambayo njia nyepesi ya Kasese isingeweza kuibeba.

Kisha mwaka wa 1960 zikafika dizeli kubwa za kwanza za njia kuu, zilizotengenezwa na English Electric, zenye nguvu ya farasi 1,840. Wapenzi wa treni hawakuzipenda. Dizeli ni sanduku. Haionyeshi jasho lake, tumbo lake limefunikwa, na dereva amekaa ndani ya kioo kama karani. Zaidi ya hayo ilionekana kama muuaji: kila dizeli iliyofika iliondoa mashini ya mvuke njiani. Uingereza ilipomaliza mvuke kwenye reli zake za Serikali mwezi wa nane 1968, wapenzi wa mvuke walianza kupanda ndege kwenda kuitafuta kwingine, na Kenya ilikuwa mahali pamoja walipoipata katika miaka ya 1970. Walisimama vichakani na mashini zao za foto kusubiri Garratt. Dizeli ikipita, wengi walipumzisha kidole. Filamu ilikuwa ghali, na nani angeiharibu juu ya kitu kitakachokuwako kesho?

Marekani ilikuwa hivyohivyo. Mashini ya kwanza ya dizeli iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvuta mizigo mirefu, ile FT namba 103, ilianza safari ya majaribio mwishoni mwa 1939. Kwa miezi 11 ilipita kwenye reli za kampuni 20, zaidi ya kilomita 130,000. Kampuni ya Santa Fe ilikuwa ya kwanza kuziagiza, kwa sababu njia yake ilipita jangwani Arizona na maji ya kunywesha mashini za mvuke yalikuwa shida. Hata hivyo jina kubwa katika foto za reli za nchi ile ni O. Winston Link, ambaye kati ya 1955 na 1960 alipiga mvuke wa mwisho wa kampuni ya Norfolk and Western, tena usiku, kwa taa nyingi alizozipanga mwenyewe. Foto zake ni nzuri ajabu, sikatai. Lakini mimi nampenda zaidi Jack Delano. Mwezi wa tatu 1943, katikati ya vita, alisafiri na treni za mizigo toka Chicago mpaka California. Alipiga mashini, lakini alipiga pia mfunga breki akila, karani akiandika namba za behewa, fundi mwenye mikono ya mafuta. Ukiangalia foto zake unajua nani alifanya kazi na alivaa nini. Huku kwetu hatukupata Delano.

Sababu ya pili inatuhusu sisi wenyewe na Serikali zetu. Wakati wa Mobutu na wa Amin, daraja, stesheni, bandari na reli zilihesabiwa kuwa mahali pa usalama wa nchi. Kutoa mashini ya foto karibu na kitu kama kile ilikuwa kujitafutia mashaka na askari. Foto ya mzee inaonekana imepigwa kwa haraka, imeinama kidogo, na sasa ninadhani ninaelewa sababu. Tena foto ilikuwa kitu cha studio: unavaa vizuri, unasimama mbele ya pazia lenye maua au lenye ndege iliyochorwa. Kupiga foto ya gunia hakukuwa na heshima. Watu walipiga watu, si kazi.

Waliopiga kazi walikuwa Wazungu wa Serikali. Kule Léopoldville kulikuwa na Congopresse, ofisi ya foto za propaganda ya koloni, ambayo maelfu ya foto zake ziko leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka wa 1956 iliajiri Mkongomani wa kwanza kati ya wapiga-foto wake, Joseph Makula. Katika picha za namna ile reli inang'aa, kila mfanyakazi anatabasamu, na jina la mfanyakazi halipo. Sammy Baloji wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka wa 1978, alichukua foto za zamani kama zile, akakata watu waliokuwa ndani, akawaweka juu ya foto zake mpya za viwanda vilivyokufa vya Gécamines. Kazi ile aliiita Mémoire, na ilimfanya ajulikane toka 2006. Mtu anayeitazama anaona vijakazi wa zamani wamesimama mbele ya chuma cha leo kilichooza. Wale wanaosema hamu ya zamani ni anasa ya wazee wanyamaze kidogo mbele ya ile picha.

Basi tuisome foto ya mzee jinsi inavyostahili, kwa sababu foto ya treni ya mizigo inasema mambo mengi kuliko inavyoonekana. Juu ya ubavu wa behewa, karibu na mkono wake, kuna herufi E, kisha A, na nusu ya R. Herufi EAR zilikuwa za reli ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyoundwa mwaka wa 1948 na kuvunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 1977. Baada ya hapo Uganda ilibaki na reli yake, ikaandika UR, na ikanunua dizeli zake za Henschel toka Ujerumani. Behewa la zamani liliweza kubaki na rangi ya zamani muda fulani, kwa hiyo herufi peke yake haitoshi. Ukiweza kusoma namba ya mashini, unapata zaidi: katika hesabu ya EAR namba mbili za kwanza zilikuwa daraja lake. 5902 ni ya 2 katika daraja la 59. Zile dizeli za 1960 ziliitwa daraja la 90, baadaye zikageuzwa kuwa 87. Kwa hiyo foto yenye 90 mbele ya namba ni ya zamani kuliko yenye 87, hata kama mashini ni ileile. Katika foto ya mzee namba imekatwa. Mpiga-foto alitaka rafiki yake aonekane vizuri, na alifanya sawa.

Kisha kuna mambo ambayo hakuna kitabu cha wapenzi wa treni kinaweza kuyasoma. Mafundo ya kamba juu ya midomo ya magunia: mzee alisema kila mwenye mzigo alikuwa na namna yake ya kufunga, ili magunia yasichanganyike kule depo. Vumbi jekundu juu ya suruali mpaka magoti: hiyo ni barabara ya Kasindi wakati wa jua. Saa ya mkono iliyovaliwa juu ya mkono wa shati, ili ionekane. Na kivuli kirefu cha mtu wa pili kinachofika mpaka kwenye magunia, ndicho kivuli cha mpiga-foto, shofere wa kamyo iliyoleta mzigo. Mashini ya foto ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya kuazima, filamu ilipelekwa Kampala kusafishwa, na foto ilirudi baada ya miezi minne mikononi mwa mtu mwingine kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 treni zilikoma kufika Kasese. Kilembe ilishafungwa mwaka wa 1982, mzigo mkubwa ukawa umekwisha, na kamyo za Mombasa zilikuwa zimeanza kufika zenyewe mpaka mpakani. Majani yamepanda kati ya reli. Mwezi wa sita 2021 marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani kuanzisha kazi ya barabara ya Kasindi, Beni na Butembo, na Uganda imeweka katika mipango yake reli mpya itakayofika Mpondwe. Kwenye reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, dizeli zilipigwa foto na simu elfu siku ya kwanza tu. Lakini za Kasese ya miaka ya 1970 hazitapigwa tena. Garratt moja ya zile inaweza kuonwa bado: 5918, Mount Gelai, imelindwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. 5902, yenye jina la mlima wetu, haiko pale.

Na foto zilizoko hazilindwi na mtu. Toka 2024 mauaji ya ADF yamefika huku Bapere, na watu wa Manguredjipa na vijiji vya jirani wamekimbia mara nyingi kuelekea Njiapanda na Butembo. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria, na godoro kama ana nguvu. Albamu inabaki ukutani au chini ya kitanda. Nyumba ikiunguzwa, hasara ya bati inahesabiwa, ya ng'ombe inahesabiwa, ya foto haiandikwi popote. Nimesikia familia mbili zilizokuwa na foto za Kasese. Moja haina kitu tena. Nyingine ina foto iliyoloa maji, sura zimeondoka, reli peke yake imebaki.

Mzee wangu alikimbia na albamu. Alisema hakuichagua, ilikuwa ndani ya mfuko pamoja na karatasi za kiwanja. Nilipomtembelea tena, Butembo, katika chumba alichokuwa amepangishiwa na mwanawe, tulipiga foto ile kwa simu mara tatu, kwa sababu mwanga wa dirisha ulikuwa unaruka juu ya karatasi. Kisha tukaitoa kwa uangalifu ili tuone nyuma. Hakukuwa na kitu isipokuwa alama ya gundi na namba ya penseli isiyosomeka. Akaniambia nitafute kalamu. Mimi nilifikiri atataja mwaka, au jina la mashini, maana ndiyo niliyokuwa nimemuuliza siku nzima. Alifumba macho kidogo, halafu akaniandikisha jina la shofere, aina ya kamyo, na idadi ya magunia: arobaini na mawili, moja likiwa limepasuka.